Kikomo cha Mshahara Katika Nchi ya Chai

Kwa miaka 21, kuanzia 1973 hadi 1994, nyongeza ya mshahara wa mchuma chai wa Kericho ilikuwa na kikomo kilichowekwa Nairobi. Chama chake kingeweza kukaa na waajiri, kubishana nao usiku kucha na hatimaye kuwalainisha. Makubaliano yenyewe hayakuwa na nguvu hadi Mahakama ya Viwanda iyaandikishe, na mahakama hiyo ilitakiwa kuyapima kwa mwongozo wa mishahara uliotoka Wizara ya Fedha. Kilichozidi mwongozo kilikatwa. Wanaofuatilia ligi za michezo za Amerika ya Kaskazini wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Ni kikomo cha namna hiyo kilichowafanya wenye timu za hoki ya barafuni, mwaka 2004, wawafungie wachezaji wao nje, msimu mzima ukapotea na mashabiki wakabaki na viwanja vitupu.

Mashabiki wale walikasirika kwa sababu waliugharimia ugomvi ambao hawakuwa na neno ndani yake. Katika nchi ya chai watu wa namna hiyo wapo pia, ila hakuna anayewaita mashabiki. Chukua Merigi, wadi ya Bomet Mashariki, nchi ya wakulima wadogo. Mwenye eka moja ya chai huko si mwanachama wa KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, wala si mwanachama wa KTGA, chama cha wakuzaji wakubwa. Hata hivyo, mazungumzo ya wawili hao yanamfikia mlangoni. Malipo ya kila kilo kwenye mashamba ya kampuni ndiyo kipimo ambacho kibarua wa kijijini hukitaja anapopatana bei na mwenye shamba. Fedha anazotuma ndugu aliyeajiriwa upande wa Kericho au Konoin ndizo karo ya shule, na ndizo zinazolipa deni la sukari dukani. Mgomo ukichukua wiki tatu, duka linazihisi wiki zote tatu.

Ni rahisi kusema kwamba watazamaji hawa huchukia kikomo kwa sababu ni kikomo. Historia ya chai inaonyesha vingine. Tangu mwanzo biashara hii imeendeshwa kwa vikomo vya kila aina, na vingi vilipokewa kimya. Kilichowasha hasira ni kikomo cha mshahara kufungwa kwenye kigingi kisichohusu pato la chai, huku daftari la pato lenyewe likiwa limefunikwa.

Ardhi kabla ya mshahara, 1919–1939

Mashamba ya Kericho hayakuanzia kwenye chai. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Maafisa hao walipanda kitani, na kitani kikaanguka bei kabla hakijawatajirisha. Kufikia 1924 na 1925 ardhi hiyo ilikuwa ikipita mikononi mwa kampuni mbili zilizokuwa na uzoefu wa chai ya India, Brooke Bond na James Finlay. Sehemu kubwa ya sura ya Kericho ya leo, pamoja na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu, ilitokana na ununuzi huo. Mwaka 1934 serikali iliupeleka ukoo wa Talai, wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, uhamishoni Gwassi kwa sheria maalumu, na madai ya ardhi yaliyozaliwa miaka ile hayajafungwa mpaka sasa.

Mshahara wa kwanza wa chai uliwekwa katika mazingira hayo. Wakipsigis wengi walikuwa na ng'ombe na mahindi ya kuuza, wakasita kuingia katika kazi ya kampuni kwa malipo yaliyotolewa, na wafanyakazi wakatafutwa Nyanza na nchi ya Waluhya. Mtu aliyetembea siku kadhaa kufika shambani, akiwa na kipande, kitambulisho cha kazi cha kikoloni, shingoni na kodi ya nyumba ikimsubiri nyumbani, hakuwa na nafasi ya kujadiliana. Waajiri, kwa upande wao, walijipanga mapema. KTGA iliundwa mwaka 1931, miongo mitatu kabla ya wafanyakazi kuwa na chama kimoja cha kukaa mbele yake.

Katika kipindi hichohicho wenye mashamba walikubali kikomo chao wenyewe. Mdororo wa dunia ulipoangusha bei, India, Ceylon na makoloni ya Waholanzi yalitia saini mwaka 1933 mkataba wa kupunguza chai inayouzwa nje, na makoloni ya Afrika Mashariki yakakubali kubana upandaji mpya. Kampuni hazikulalamika sana, na sababu yake si siri: kikomo kile kiliilinda bei, na waliokiweka ndio waliokula matunda yake. Mwafrika hakuwa na haja ya kuulizwa kuhusu upandaji, maana yeye hakuruhusiwa kupanda kabisa.

Viti viwili vinapangwa, 1954–1965

Mpango wa Swynnerton, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, ndio uliofungua mlango wa mazao ya biashara kwa wakulima Waafrika. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya mazao maalumu, na 1964 KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ikachukua nafasi yake, ikiwa na kazi ya kusambaza miche, kukusanya majani mabichi, kujenga viwanda na kuuza chai iliyokaushwa. Vilima vya Bomet, ambavyo hadi 1992 vilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho, vikaanza kubadilika rangi. Viwanda kama Kapkoros na Tirgaga ni matunda ya mfumo huo. Mkulima alilipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, kisha baada ya hesabu za mwaka akapata malipo ya pili, ambayo kila mtu huyaita bonasi. Mfumo huu una kasoro zake, na tutazifikia, lakini ulikuwa na jambo moja ambalo mshahara wa kampuni haukuwa nalo. Malipo ya pili yalipanda na kushuka pamoja na bei ya mnada, ule ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969.

Wafanyakazi wa kampuni walifuata njia nyingine. Migomo iliyoenea mashambani karibu na mwaka 1960 iliwalazimisha wenye mashamba kuvitambua vyama, na mwaka 1963 vyama vya chai, kahawa na mkonge vikaungana kuwa KPAWU. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vilitia saini Mkataba wa Uhusiano Kazini. Yaliyokubaliwa ni kwamba mgogoro utazungumzwa kwanza, upelekwe kwa msuluhishi, na mgomo au kufungia wafanyakazi nje viwe hatua ya mwisho. Mahakama ya Viwanda ilifunguliwa 1964 na COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikaundwa 1965. Kwa nchi iliyokuwa ikizaliwa, hiyo ilikuwa kazi ya maana, na hakuna sababu ya kuibeza kwa sababu ya yaliyofuata.

Meza hiyo, hata hivyo, ilikuwa na viti viwili na mwamuzi. Mkulima mdogo aliwekwa kando kwa sababu hakuwa mwajiri wa kutosha kuitwa mwajiri, na kibarua wake akaachwa kwa sababu hakuwa na mkataba wa kumfanya aitwe mfanyakazi. Wote wawili wangeishi chini ya bei ya kazi iliyopangwa na wengine. Wakati huo hilo halikuonekana kuwa tatizo, kwa kuwa chai ya wakulima wadogo ilikuwa bado changa. Miongo michache baadaye ndiyo iliyokuwa ikitoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya, na viti vilikuwa vilevile viwili.

Miaka ya mwongozo, 1973–1994

Mwongozo wa mishahara haukuletwa na ubaya wa moyo. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti yake mashuhuri juu ya ajira nchini Kenya, ikionyesha kwamba pengo kati ya aliyeajiriwa na asiyeajiriwa linapanuka na kwamba kubana mishahara ya waliokwisha kupata kazi kungesaidia kuwaajiri wengine. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda ghafla duniani, na Hazina ikahofia bei na mishahara kufukuzana bila mwisho. Kwa hiyo ikawekwa kanuni: nyongeza itokane na kupanda kwa gharama za maisha, tena isiwe fidia kamili. Kwa sehemu kubwa ya kipindi kile kiwango kilichojulikana kilikuwa robo tatu ya mfumuko wa bei.

Hesabu ya robo tatu inaonekana ndogo hadi uifuate kwa miaka. Tuseme, kwa mfano tu, bei zinapanda asilimia 12 kila mwaka na mshahara asilimia 9. Mwaka wa kwanza mfanyakazi anapoteza chini ya shilingi tatu katika kila mia, kiasi ambacho mtu anaweza kukivumilia kwa kupunguza nyama. Baada ya miaka kumi uwezo wake wa kununua umepungua kwa karibu robo. Baada ya ishirini umepungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hakuna mkutano wowote katika miaka hiyo ishirini ambapo mtu alisimama akasema mshahara upunguzwe. Kila mkutano ulitangaza nyongeza, na magazeti yakaandika nyongeza.

Uzito wa kanuni ile, hata hivyo, ulionekana vizuri zaidi katika miaka ya neema kuliko ya dhiki. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha kahawa, na chai ikafuata, hivi kwamba mwaka 1977 bei ya chai ilifikia kiwango ambacho biashara haikuwa imekizoea. Mwishoni mwa 1983 India ilizuia chai yake ya CTC, ile inayosagwa na kukunjwa kwa mashine, isiuzwe nje, aina ileile inayotengenezwa Kenya, na mwaka 1984 bei ikaruka tena. Katika miaka hiyo miwili watu wawili waliochuma jani la aina moja, pengine kwenye vilima vinavyotazamana, walipata majibu tofauti kutoka soko moja. Mkulima wa KTDA aliliona soko katika malipo yake ya pili. Mchuma wa kampuni aliiona bei ya unga, akapewa robo tatu yake. Mwongozo ulijua mkate umepanda kiasi gani, lakini haukuwa na mahali pa kuandika chai imepanda kiasi gani.

Watetezi wa mwongozo wana jibu, na ni jibu zito. Watasema kikomo kile kiliokoa ajira, na ushahidi wao ni kwamba chai ya Kenya ilipanuka mno katika miaka ya 1970 na 1980. Kupanuka kulitokea kweli. Ila sehemu kubwa ya upanuzi huo ilitokea kwa wakulima wadogo, yaani katika upande wa biashara ambao mwongozo haukuugusa. Huko kazi ilifanywa na familia na vibarua wa kilo, na kilichowavuta watu kupanda kilikuwa ni malipo yanayofuata soko. Kama tunatafuta sera iliyoijaza Bomet chai, ya kuangalia kwanza ni ile bonasi. Na hoja kwamba mshahara ukibanwa mwajiri ataajiri zaidi ingekuwa na nguvu kubwa kama akiba hiyo ingeonyeshwa ilikokwenda. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, mwaka uleule wa bei ya juu, na kampuni inayolima Kericho, ikachanganya na kufungasha ng'ambo, na kuuza pakiti chini ya jina lake yenyewe, ina hiari kubwa ya kuamua faida ionekane katika nchi gani. Hilo halihitaji hila. Ni namna biashara ya kimataifa inavyoandikwa. Lakini mtu aliye nje ya daftari hawezi kujua kama anaambiwa kweli anapoambiwa mwaka huu hakuna kitu.

Mwongozo uliondolewa mwaka 1994, baada ya mfumuko wa bei wa 1993 kukaribia asilimia 46 na kuifanya kanuni nzima kuwa kichekesho.

Barafu ya Amerika, 2004–2006

Miaka kumi baadaye, upande wa pili wa dunia, ugomvi wa kikomo ulifanyika hadharani zaidi. Ligi ya hoki ya NHL ilikuwa na timu 30 Marekani na Kanada. Wenye timu walileta ripoti waliyomwagiza Arthur Levitt, aliyewahi kusimamia masoko ya hisa ya Marekani, iliyosema kwamba mishahara inakula asilimia 75 ya mapato na kwamba msimu wa 2002–03 ulileta hasara ya dola milioni 273. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Bob Goodenow, hakikuziamini hesabu hizo. Mtu anayemiliki timu, uwanja wa ndani na pengine na haki za televisheni, walisema, anaweza kuyaweka mapato kwenye mfuko anaoutaka. Msomaji wa Kericho hahitaji kutafsiriwa hoja hiyo.

Milango ilifungwa Septemba 2004. Tarehe 16 Februari 2005 kamishna Gary Bettman alifuta msimu wote, michezo 1,230, na Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki, likakosa mshindi kwa mara ya kwanza tangu homa kuu ya 1919. Mashabiki walikuwa na hasira na pande zote mbili, mamilionea wakigombana na mabilionea. Makubaliano yalipopatikana Julai, wachezaji walikuwa wameshindwa kwa kila kipimo cha kawaida: mikataba iliyokuwapo ilikatwa asilimia 24, na kila timu ikawekewa kikomo cha dola milioni 39. Goodenow akaondoka.

Ila ndani ya kushindwa huko mlikuwa na kitu ambacho mwongozo wa Nairobi haukuwahi kuwa nacho. Kikomo kilifungwa kwenye pato. Pande mbili zilikaa zikaandika, ukurasa baada ya ukurasa, ni fedha gani zinahesabiwa kuwa mapato ya hoki na zipi hazihesabiwi, na sehemu ya wachezaji ikawa asilimia 54 kwa kuanzia. Kikawekwa pia kiwango cha chini, dola milioni 21.5, ambacho timu haikuruhusiwa kulipa pungufu yake. Mapato yalipopanda, kikomo kikapanda nayo: milioni 44 msimu uliofuata, kisha 50.3, na kufikia 2008 kilikuwa 56.7. Vita havikuisha, maana mwaka 2012 milango ilifungwa tena na sehemu ya wachezaji ikateremshwa hadi nusu kwa nusu. Lakini safari hiyo walibishania mgawo wa chungu ambacho wote walikuwa wamekichungulia.

Kuna anayeweza kusema kwamba mashabiki wenyewe walithibitisha kuwa hasira yao haina maana, kwa sababu msimu wa 2005–06 walirudi kwa wingi uliovunja rekodi ya mahudhurio. Kurudi kwa mtu hakumaanishi ameridhika. Mara nyingine humaanisha hana pengine pa kwenda, na mtu wa Merigi mwenye kichaka cha chai kinachoweza kuishi miaka mia anaelewa hivyo pia. Zaidi ya hayo, si wote waliosubiri. Wachezaji kadhaa wa ridhaa wa Ontario walikwenda mahakamani wakidai kwamba Kombe la Stanley, lililotolewa na Gavana Mkuu wa Kanada, Lord Stanley, mwaka 1892, si mali ya ligi. Shauri lilimalizwa kwa maelewano mwaka 2006: msimu wowote ligi itakaposhindwa kuandaa mashindano, wadhamini wa kombe wana ruhusa ya kuipa timu nyingine kombe hilo. Watazamaji wale hawakupata kiti mezani, lakini walipata jibu la nani mwenye kombe.

Mahakama, mashine na moto, 1994–2024

Huko Kericho, kuondoka kwa mwongozo kulirudisha mazungumzo kwa KPAWU na KTGA, mkataba mmoja kila miaka miwili. Sheria mpya za kazi za 2007 na Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 viliimarisha haki ya kugoma, na sheria ilimwachia mwajiri haki yake ya kuwafungia wafanyakazi nje baada ya notisi. Haki hiyo ya mwajiri haikuhitaji kutumiwa sana. Kampuni zilikuwa zimepata njia ya kufunga lango bila kufunga lango: mashine ya kuchuma chai. Oktoba 2010 chama kiliitisha mgomo juu ya mashine hizo, na tangu hapo kila mazungumzo ya shilingi yamekuwa na kivuli chake.

Mkataba wa 2014 na 2015 ndio unaoonyesha vizuri jinsi pande zilivyopotezana. Mazungumzo yalikwama, mahakama ya kazi ikatoa nyongeza ya asilimia 30 mwaka 2016, waajiri wakakata rufaa, na Oktoba mwaka huo wachumaji wakaacha vikapu. Kwa miezi mingi mjadala mzima wa hadhara ulikuwa juu ya namba moja, 30, upande mmoja ukisema ni haki, mwingine ukisema ni kifo cha biashara. Hakuna mtu aliye nje aliyeweza kupima kati ya hayo, kwa sababu namba iliyohitajika, yaani pato la kila kilo tangu Kericho hadi kwenye pakiti ya dukani, haikuwa mezani. Ukimpa mtazamaji namba moja badala ya mbili, utakachomwachia ni kuchagua timu.

Pingamizi la kawaida ni kwamba mashine zililetwa na tamaa ya wachumaji, kwamba wangeridhika na kidogo wasingefukuzwa na chuma. Pingamizi hilo lina chembe ya ukweli. Mwajiri yeyote hulinganisha gharama. Lakini Japani na Argentina zilichuma kwa mashine zamani, kila moja kwa hesabu zake, na mashine ingefika Kericho siku ambayo ingekuwa nafuu kuliko mkono, hata kwa mshahara wa robo tatu. Lililokuwa mikononi mwa watu ni namna ya kugawana kile ambacho mashine imeokoa. Hilo halikuzungumzwa kwa wakati, na Mei 2023 vijana wa Kericho walizichoma mashine kadhaa. Kuzichoma hakukumrudisha kazini hata mtu mmoja. Ni vigumu, hata hivyo, kushangaa kwamba watu wasio na mahali pa kusema walisema kwa kiberiti.

Katika miaka hiyohiyo hata uso wa upande wa pili wa meza ulibadilika. Unilever iliiuzia CVC, kampuni ya uwekezaji, biashara yake ya chai, pamoja na jina la Lipton, mwaka 2022. Mwaka 2023 kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilinunua mashamba ya James Finlay Kenya, na 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Lipton nayo yanakwenda kwa Browns. Kampuni mbili zilizoingia Kericho karne moja iliyopita zikaishia mkononi mwa mmoja.

Karatasi ya bonasi

Merigi nayo ilijaribiwa kwa kikomo cha upande wa pili. Julai 2021, baada ya Sheria ya Chai ya 2020, KTDA iliwekewa bei ya chini ya mnadani, dola 2.43 kwa kilo. Wazo lilikuwa zuri masikioni, maana nani angekataa bei isiyoshuka? Lakini namba hiyo, kama mwongozo wa 1973, ilifungwa kwenye kigingi kisichosogea na soko. Chai ya magharibi mwa Bonde la Ufa, ya Bomet, Kericho na Kisii, kwa kawaida hupata bei ya chini kuliko ya mashariki, kwa hiyo ndiyo iliyobaki zaidi ghalani wakati wanunuzi walipoikwepa bei ile. Bei ya chini ikaondolewa baadaye. Mwaka 2025 bonasi ilipotangazwa imeshuka, na pengo na wenzao wa mashariki likiwa wazi, wakulima wa Kericho na Bomet waliingia barabarani. Madai yao makubwa yalikuwa ya kuona: walitaka waonyeshwe chai yao iliuzwa lini, kwa nani na kwa kiasi gani.

Hapo ndipo mkulima wa Merigi anapofanana na shabiki wa hoki, na hapo pia ndipo anapoacha kufanana naye. Shabiki hana mtu anayemlipa. Mkulima anaye. Kwenye eka yake kuna kibarua anayeamka alfajiri, anachuma majani mawili na ncha, anapimiwa kituoni na kulipwa kwa kilo, bei iliyopatanwa kwa kuangalia mashamba ya kampuni yanalipaje. Bonasi ikifika Oktoba, karatasi yake huja kwa jina la mwenye shamba. Mwaka wa neema kilo zile huwa na bei ya pili. Mchumaji aliyezichuma alikwisha kulipwa ile ya kwanza, na hakuna anayemwonyesha karatasi.